Siku Ukoo wa Baba Yangu Ulipofika Msambweni

Askari wa barabarani alinisimamisha asubuhi moja pale njia panda ya Diani, akachungulia dirishani, akatabasamu kwa meno yote, kisha akanikaribisha Kenya. Alinikaribisha kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anayemsomea mtoto hadithi.

"Ahsante sana, kaka yangu," nilimjibu. "Mimi nimezaliwa Msambweni, na bibi yangu yuko huko mpaka leo na minazi yake. Wewe je, umetoka wapi?"

Alikuwa ametoka Bungoma, na hata mwezi hakuwa ameumaliza Pwani. Basi nikamkaribisha mimi. Nilimweleza ni wapi atapata mahamri mazuri, nikamwambia asinunue madafu karibu na mahoteli, tukaagana kama ndugu.

Mimi ni mwalimu wa udereva Ukunda. Siku hiyo usukani ulikuwa mikononi mwa mwanafunzi wangu, mwanamke wa bara aliyekuja kufanya kazi ya ushauri nasaha huku kwetu Kwale. Alicheka hadi mguu ukamteleza kwenye klachi, gari likazimika katikati ya njia. Nyuma yetu watu walianza kupiga honi.

"Ticha," aliniuliza, huku akitafuta ufunguo kwa kupapasa, "hii kitu hukupata kila siku?"

"Karibu kila siku."

"Na wewe hucheka tu?"

"Nifanyeje? Nilie mbele ya askari?"

Aliwasha gari, akasahau breki ya mkono, tukaruka mbele kama chura.

Mimi ni chotara. Mama yangu ni Mdigo wa hapa hapa, na ujana wake wote alifanya kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka katika hoteli moja ya Diani. Baba yangu alikuwa Mjerumani, mgeni wa hoteli hiyo, aliyekuja, akaenda, akaja tena, kisha akaenda moja kwa moja kabla sijazaliwa. Hayo ndiyo yote niliyokuwa nikiyajua. Nililelewa kwa bibi, mzaa mama, na jirani walinipa majina ya kutosha darasa zima: chai ya maziwa, pointi faivu yaani nusu mtu, Mzungu wa Msambweni. Nilipokuwa mdogo nikilia, bibi alikuwa akinifuta machozi kwa pembe ya leso, akisema, "Nyamaza, mdzukulu wangu. Kwetu Wadigo mtoto ni wa fuko, wa ukoo wa mamake. Baba ni mgeni tu aliyepita kusalimia."

Maneno hayo yalinitosha miaka mingi. Yaliacha kunitosha siku nilipochumbiwa.

Mchumba wangu alikuwa fundi wa mashine za mashua kule Shimoni. Tulijuana kwa sababu alikuja kujifunza kuendesha gari, na alikuwa mwanafunzi mbaya kuliko wote niliowahi kuwa nao. Kila tulipokaribia mahali pa kusimama, alikuwa akizima injini mapema na kukaa kimya, akingoja gari lielee lenyewe hadi lifike. "Hapa hapana gati!" nilimpigia kelele. "Kanyaga breki!" Alikuwa akinitazama kwa utulivu wote wa duniani na kuniambia, "Mwalimu, mbona una haraka? Litafika." Kwa kweli lilifika. Lilifika kwenye meza ya muuza machungwa, tukaokota machungwa pamoja chini ya meza, tukacheka, na tulipoinuka mimi nilikuwa nimekwisha kwisha.

Watu wake walipokuja kuniposa, mambo yalikwenda vizuri. Shikamoo zilisemwa, marahaba zikaitikiwa, kahawa ikanywewa. Msemaji wao alikuwa shangazi yake, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukata, ambaye mchumba wangu mwenyewe humwogopa. Yeye ndiye aliyeweka kikombe chini na kuuliza kwa upole, "Na upande wa baba, mwanangu, tutawaona lini? Maana kuna kilemba cha baba, na kuna mashangazi. Tungependa kujua tunamheshimu nani."

Bibi alikohoa. Mama, aliyekuwa mlangoni na sinia, aligeuka akarudi jikoni, na mimi nikamfuata mbio, nikijifanya nakwenda kuongeza sukari. Humo jikoni tulisimama sote wawili tukikitazama kibuyu cha sukari kilichojaa pomoni.

Kesho yake nilikuwa garini na yule mshauri. Tulipita stendi ya Ukunda, tukashika barabara ya kwenda Lungalunga, na mimi nikawa nikimweleza habari ya posa kama kichekesho. Nilimwigizia shangazi, nikamwigizia bibi akikohoa. Nilipofika kwenye kibuyu cha sukari, sauti yangu ilikatika. Nilijikuta nalia, tena kile kilio kibaya cha kwikwi na kamasi.

Ndipo mwanafunzi wangu akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu aanze masomo. Alitazama kioo, akawasha taa ya pembeni, akapunguza gia moja moja, akasimamisha gari kando ya barabara sawasawa kabisa, akavuta breki ya mkono.

"Umefaulu," nilimwambia huku nikilia.

"Nyamaza kwanza," alisema. "Wewe umecheka tangu nikujue. Kucheka ni dawa nzuri, lakini kuna kidonda hujakiosha hata siku moja. Unakipaka dawa juu ya uchafu." Kisha akaniambia ana watu anaokutana nao Jumamosi, watu wa mchanganyiko kama mimi, waliokuwa wakimjia mmoja mmoja na malalamiko yale yale, hata akaona afadhali awakutanishe. "Kuja. Ukichoka, utaondoka."

Nilikwenda kwa shingo upande. Walikuwa wakikutana katika chumba cha shule ya chekechea, kwa hiyo viti vyote vilikuwa vya watoto, na watu wazima tulikaa magoti yakiwa karibu na masikio. Siku hiyo ya kwanza walikuwapo watatu tu. Mmoja alikuwa mfuga mbuzi kutoka upande wa Kinango, kijana mrefu mwenye nywele za rangi ya mchanga, ambaye baba yake alikuwa Mtaliano na yeye mwenyewe hajui neno la Kitaliano isipokuwa jina la tambi. Wa pili alikuwa mama muuza bajia, mzaliwa wa Msambweni kama mimi, baba yake Mhindi mwenye duka aliyemkataa hadharani. Wa tatu alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya forodha mpakani, Mkristo kutoka milima ya Kwale, mwenye macho ya kijani kama maji ya mwambani. Baba yake alikuwa Mwingereza wa zamani za ukoloni.

Mshauri alitutaka kila mmoja ataje jina aliloitwa utotoni, kisha aseme lilimfanya ajisikieje. Alisema tusikimbilie kucheka. Mfuga mbuzi alianza. Alisimulia jinsi mamake alivyokuwa akimnyoa kichwa kila Ijumaa ili zile nywele zisionekane, na jinsi alivyokuwa akiziokota na kuzificha ndani ya mfuko, kwa kuwa aliona zinaonewa bure. Mama wa bajia aliinamisha kichwa. Alisema yeye alikuwa akipelekwa mbele ya duka la baba yake kununua chumvi, na baba yake alikuwa akimpimia chumvi bila kumtazama usoni.

Nami, bila kujua kwamba nitasema, nikasema kwamba nilikuwa na hasira na mama. Hasira na mama, si na huyo Mjerumani. Kwa sababu mama hakuwahi kuniambia lolote, na watu walikuwa wakisema kwamba aliuza mwili, na mimi sikuwa na neno la kuwajibu.

"Umemuuliza?" mshauri alisema.

"Siwezi."

"Sikukuuliza kama unaweza."

Mzee wa macho ya kijani aliinama kunipa leso ya mfukoni, na kiti chake kidogo kikavunjika. Alikwenda chini na miguu juu, taratibu, akiwa bado amenyoosha ile leso kwa heshima zote. Mama wa bajia alipiga ukelele. Mfuga mbuzi alijaribu kumwinua, kiti chake yeye kikakwama makalioni, akainuka nacho. Hapo tulikwisha. Tulicheka hadi mwalimu wa chekechea akaja kuchungulia. Mshauri mwenyewe alikuwa ameegemea ubao akijishika mbavu, akisema, "Sawa, sawa, hii inakubalika!"

Baada ya hapo sikukosa Jumamosi hata moja. Kazi ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Tulifundishwa kutambua pale uchungu unapopanda kabla haujafika mdomoni, na namna ya kumjibu mtu bila kumtukana na bila kujidharau. Tuliigiza. Mfuga mbuzi aliigiza kijana wa ufukweni anayeniuzia safari ya kuwaona pomboo, nami nilitakiwa nikatae kwa utulivu, lakini alikuwa hodari mno wa kuuza, mara mbili nikanunua.

Jioni moja nikamkuta mama uani akichambua mchicha. Nikaketi, nikachukua fungu langu.

"Mama, alikuwa mtu wa namna gani?"

Hakuuliza ni nani. Aliendelea kuchambua, halafu nikaona mabega yake yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Alikula embe na maganda yake," alisema. "Siku ya kwanza. Lote. Mimi nimesimama na mashuka, namtazama. Alipomaliza akaniuliza kama ndivyo linavyoliwa. Nikamwambia ndivyo, vizuri sana, nikampa la pili."

"Mama!"

"Nalo akalila."

Tulicheka hadi bibi akauliza ndani kuna nini. Kisha mama aliweka kisu chini, akanitazama, na uso wake haukuwa na aibu hata kidogo.

"Watu walisema nimeibiwa, wengine wakasema nimeuza. Sikuibiwa, mwanangu, wala sikuuza. Nilipenda. Alisema atarudi, hakurudi. Sijui kama amekufa au amesahau. Nilinyamaza kwa kuwa nilidhani ukimjua utamtaka, na mimi sina pa kumtoa."

"Mimi namtaka aliye hapa," nilimwambia. Alinirushia jani la mchicha, likawa ndilo jibu.

Jumamosi iliyofuata niliwaeleza wenzangu habari ya embe, wakagaragara. Kisha nikawaeleza na habari ya kilemba, kwamba hilo bado limenishinda. Mama wa bajia alinikatiza.

"Unataka upande wa baba? Sisi ni nani?"

"Baba yako ni Mhindi," nilisema.

"Na huyu ni Mtaliano, na mzee huyu ni Mwingereza. Watu wa huko mbali ni jirani. Kama hawakuelewana, hilo ni lao."

"Mimi nitaleta mbuzi," mfuga mbuzi alisema, kana kwamba mbuzi ndiye aliyekuwa hoja.

Mshauri aliinua kidole. "Lakini hakuna kudanganya mtu. Mukienda, muende kama nyinyi. Bibi harusi mwenyewe akawaambie wakwe."

Kwa hiyo niliendesha hadi Shimoni peke yangu, nikiwa nimefanya mazoezi ya maneno yangu njia nzima. Shangazi wa mchumba wangu alikuwa ukumbini. Nilipiga hodi, nikaamkia, nikakaa mkekani, nikasema yote kwa pumzi moja: kwamba sina baba wa kumwonyesha, kwamba simjui, kwamba kadhi ndiye atakayekuwa walii wangu wa kuniozesha, na kwamba nina watu wangu wanaotaka kuja kusimama upande huo, nao si damu yangu.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha aliinuka, akaingia chumbani, akatoka na fungu la leso mpya zilizofungwa kwa uzi.

"Hizi nilizinunua kabla hatujaja kwenu," alisema. "Za mashangazi zako. Nilikuuliza nijue nimpe nani, wewe ukakimbilia jikoni. Tangu siku ile nimekaa nazo, nikimuuliza huyu mwana, huyu mwana ananiambia litafika, litafika. Mimi nikadhani mmetuona sisi duni!"

"La, shangazi! Mimi nilidhani mmeona..."

"Tumeona nini?" Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto aliyevaa viatu kinyume. "Babu yetu sisi alikuja na jahazi kutoka Arabuni akiwa na njaa na shati moja. Kila nyumba hapa ina mgeni wake. Haya, niambie, hao watu wako, mashangazi ni wangapi?"

"Mmoja," nilisema. "Labda wawili, tukimhesabu mshauri."

"Basi watajifunga leso mbili mbili."

Siku ya harusi walifika Msambweni asubuhi na mapema, kwa pikapu ya kukodi, wakipiga vigelegele tangu barabara kuu. Jirani wote walitoka nje. Mbele alikaa mzee wa macho ya kijani, ndani ya kanzu ya kuazima iliyomzidi kimo. Nyuma alikuwa mama wa bajia amekumbatia sufuria, mshauri ameshika viatu vyake mkononi, na mfuga mbuzi amemshika mbuzi aliyefungwa utepe wa waridi shingoni. Mbuzi alishuka wa kwanza. Alipita katikati ya wageni waheshimiwa, akaingia uani, akaanza kula mapambo ya bibi harusi yaliyokuwa yakining'inia ukutani.

"Hao ndio upande wa baba?" nilimsikia jirani akimnong'oneza bibi.

"Ndio," bibi alijibu kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni. "Na huyo mbuzi pia."

Mimi nilikuwa ndani na hina zangu, nimefunikwa, nikisikia kila kitu na nisione kitu. Kadhi alipoingia kutaka idhini yangu, nilikuwa nimekwisha bana kicheko kwa muda mrefu hata mbavu zinaniuma. Aliniuliza kwa sauti ya heshima kama nimeridhia kuozwa kwa mwanamume huyu, kwa mahari haya. Hapo hapo nje mtu akapaza sauti, "Mshikeni! Amekula na ua aliloandaliwa kadhi!" Nikalipuka. Nilicheka chini ya ile shela hadi nikainama. Makungwi walinifinya. Mama alisema, "Astaghfirullahi, mwanangu, jizuie!"

Kadhi hakukasirika. Alingoja. "Wanazuoni walisema kimya cha mwari ni ridhaa," alisema, "na kicheko chake pia. Kicheko nimekisikia vizuri. Sasa nipe na neno, nipate kuandika."

"Nimeridhia," nilisema, na sauti yangu ilitoka nzima.

Kilemba alivikwa mzee wa macho ya kijani. Mume wa shangazi ndiye aliyemfunga, uani mbele ya watu, kitambaa kirefu cheupe chenye darizi. Waliniambia kilimshuka mara tatu hadi puani, kwa kuwa kichwa chake kidogo, na kila mara alisimama wima bila kukigusa, kama askari. Kilipokaa sawa, alijaribu kutoa shukrani, akashindwa. Alikuwa hana mtoto wa kike, na maisha yake yote hajawahi kuitwa baba wa bibi harusi. Mfuga mbuzi alimshika mkono. Shangazi aliwafunga mama wa bajia na mshauri leso mbili mbili kama alivyoahidi, moja kifuani na moja kichwani, na yule mshauri wetu wa bara, ambaye hajawahi kufunga leso, alitembea siku nzima mikono imebana ubavuni kwa hofu isimwanguke.

Sasa ninaishi Shimoni na mume wangu. Nimemfundisha breki, lakini bado huzima injini mapema. Jumamosi bado tunakutana, sasa tukiwa wengi, kwa viti vikubwa. Si kila siku nina nguvu. Yapo majuma ninapochoka kuwa kioja, na wapo waliokuja kwetu wakiwa na vidonda ambavyo kicheko chetu hakivifikii, nao hukaa tu karibu nasi, na hilo pia linafaa. Baba sijamtafuta. Huenda siku moja nikamtafuta, huenda nisimtafute.

Lakini nikikumbuka mwaka ule, huikumbuka zaidi alasiri ya ile harusi, wanaume walipokwisha kula na kuondoka, wanawake wakafunga mlango wa ua na ngoma ikaanza. Mama alikuwa jikoni. Katika harusi za watu, miaka nenda miaka rudi, mama alikuwa mtu wa jikoni, akisugua masufuria hata yaliyo safi, ili asipite mbele ya macho ya watu. Shangazi wa mume wangu alikwenda akamtoa. Alimfunga leso kiunoni, akakaza fundo, akamsukuma katikati.

Mama alisimama kidogo, mikono imelowa maji ya vyombo. Halafu alicheza. Sikujua kama anajua kucheza vile. Alizunguka polepole, kiuno kikamtii, watu wakapiga makofi, bibi akapiga vigelegele hadi meno ya bandia yakamtoka, akayadaka. Mama wa bajia aliingia naye, shangazi akaingia, mshauri akaingia na leso zake amezishika kwa viwiko. Nilipojaribu kumvuta mama pembeni apumzike, jasho likimtiririka, alinisukuma.

"Niletee maji ya baridi," alisema. "Nikisha kunywa narudi."